Umepima kwa Mkono wa Nani?

Arubaini ya Bi Zuwena ilisomwa Kilburn, katika fleti ileile ya ghorofa ya pili niliyokaa naye mwaka wa tisini na moja, na mimi nilikwenda na tamaa moja moyoni ambayo naona haya kuitaja, lakini nitaitaja. Sikutaka bangili zake. Sikutaka kanga zake zilizokunjwa na udi ndani, wala birika la kahawa ambalo kila mwanamke pale alikuwa akilikodolea macho na kujifanya anatazama dirisha. Nilitaka kijiti. Kipande cha mpini wa ufagio, hakifiki futi moja na nusu, kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye ncha moja. Wenzangu wamefunua juzuu wanasoma, na mimi midomo inakwenda lakini macho yanapekua nyuma ya mlango, juu ya kabati, chini ya cherehani. Mungu anisamehe, na Bi Zuwena naye anisamehe, ingawa yeye namjua, angecheka. Kijiti kile ndicho kilichonitoa kwenye kuosha migongo ya watu kikanitia chuo kikuu, na miaka kumi na minane niliyosoma, kufundisha na kuandika kuhusu maneno imetoka humo. Nilikuwa nimekuja kukichukua. Niliona ni haki yangu.

Chumba nilichopewa mwaka ule hakikuwa chumba hasa, kilikuwa stoo ya vitambaa iliyotiwa kitanda. Bi Zuwena alikuwa Mpemba wa Wete, mjane, fundi wa nguo, na wanawake wa kwetu walioko London wakitaka nguo ya harusi, shela, mapazia au foronya za kumtoa bibi harusi, walikuja kwake au walimpigia simu kutoka Hounslow akawapelekea. Majora yamesimamishwa ukutani mpaka dari, mengine yamelazwa chini ya kitanda changu, na nikigeuka usingizini mkono unagusa satini. Harufu ilikuwa ya kitambaa kipya na vitunguu. Tulikula sebuleni, mkekani, meza yote imetawaliwa na cherehani na mkasi: wali na maharage ya nazi ya kopo, samaki wa barafu aliyekaangwa kwa pilipili manga mpaka akasahau alikotoka, na siku za Ijumaa mkate wa kumimina. Nilipoacha ukoko aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Nyinyi Waunguja mwala kwa macho," alisema. Mwanawe Salma, mwenye miaka saba, alizaliwa hapa, akawa anatusikiliza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na mama yake hakujali. Alimwambia, "Salma, lete chumvi," na Salma alijibu, "In a minute," na chumvi ikaja. Nyumba iliendeshwa hivyo.

Mimi kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya wazee, kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavisha. Siku ya kwanza mkuu wetu alinionyesha namna ya kupima maji ya kuogea: usitie vidole, vidole vimezoea moto, tia kiwiko. Nikakunja mkono wa gwanda, nikatia kiwiko majini, na mzee wa kike aliyekuwa anasubiri kwenye kiti cha magurudumu akacheka akaniambia kwa Kiingereza chake cha kizamani kwamba mama yake pia alimpimia maji kwa kiwiko, miaka themanini nyuma. Neno lenyewe alilotumia, elbow, likanikaa sikioni siku nzima. Sijui kwa nini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina njaa ya kujua kitu, kitu chochote, na kichwa chenye njaa hakichagui sahani.

Sasa, juu ya maktaba ya mtaa kulikuwa na darasa kila Jumamosi asubuhi, historia ya maneno ya Kiingereza. Nilijiandikisha kwa sababu mbili tukufu: lilikuwa la bure, na chumba kilikuwa na joto. Mwalimu wetu alikuwa Mskoti mmoja mrefu kama mnazi, Dokta Fairley, mwenye sweta moja la kijani lililotoboka viwiko vyote viwili. Wanafunzi tulikuwa tisa. Wiki ya pili nikamwuliza kuhusu neno langu. Akaenda ubaoni akiwa na furaha kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu wake. Elbow, akasema, zamani Waingereza walisema elnboga. Mjerumani mpaka leo asema Ellenbogen, Mholanzi elleboog. Nusu ya pili, mpindo, kitu kilichopinda. Nusu ya kwanza ni neno la kale la mkono kuanzia kiwiko kushuka, na neno hilo peke yake, ell, likawa kipimo cha nguo. Binamu yake wa Kilatini, ulna, ndilo jina madaktari wanaloupa mfupa wa hapo. Kisha chini kabisa akaandika neno moja, alinabugo, na mbele yake akachora nyota ndogo. Hili, akasema, ndilo mama yao wote. Hakuna mtu aliyeliandika, hakuna aliyelisikia akabaki hai. Tumelijenga upya kwa kuwatazama watoto.

Niliinuka kitini. Siongezi chumvi. Mpindo wa mkono unaopimia. Nimekua naona watu wanapima kitambaa kuanzia kiwikoni mpaka ncha ya kidole cha kati, na tunaita mkono, na wenye kujivuna wanaita dhiraa, ambayo kwa Mwarabu ni kiungo hicho hicho na kipimo hicho hicho. Na hapa Kilburn, juu ya maktaba, mtu wa Scotland ananiambia kwamba watu wa misitu ya baridi huko, ambao hata jina lao hatulijui vizuri, walikaa wakapima nguo zao kama Bi Zuwena. Niliruka ngazi tatu tatu kushuka, nikapita barabara kuu na mabasi yake nikiongea peke yangu, na watu hawakushangaa kwa sababu ni Kilburn.

Nilimkuta anapiga pasi. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza pasi mkononi.

"Hilo neno la nyota, nani kalisikia?"

"Hakuna."

"Nani kaliandika?"

"Hakuna, Bi Zuwena."

"Basi mwajuaje kama lilikuwapo?"

"Tunawatazama watoto wake. Mjerumani, Mholanzi, Mwingereza, wote wana sura moja. Ukimwona mtu na ndugu zake wote wana pua ya namna moja, si utajua bibi yao alikuwa na pua gani, hata kama hukumwahi?"

Akafikiri. Pasi ikaanza kunuka, akainyanyua. "Na nyota ya nini?"

"Nyota ni kukiri. Ni kusema hatukumwona kwa macho, tunadhania tu kwa dalili."

"Kha," akasema. "Kumbe ndiyo Wallahu aalamu yao." Na akaendelea kupiga pasi, ameridhika nao Wajerumani wote kwa kuwa ni watu wenye adabu na elimu yao.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya nyumbani kama Dokta Fairley asingetuambia mwezi wa tatu jambo lililoninyima usingizi. Kulikuwa na chuo kilichokuwa tayari kuchukua wanafunzi wa lugha wasiokuwa na vyeti, kwa barua ya mwalimu. Vyeti vyangu vilikuwa vimebaki Unguja kwa mambo ambayo sitayaeleza hapa. Barua, akasema, ataandika kwa yule tu atakayesimama Jumamosi ya mwisho wa Juni, dakika kumi na tano, azungumze juu ya neno moja na aonyeshe kwamba amefikiri mwenyewe. "Kusoma vitabu najua mnaweza," alituambia. Barua ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliitaka mpaka nikaona haya mbele ya nafsi yangu. Nilikuwa nikimvisha mzee soksi na huku moyoni nauliza, je, nikikosa, nitavisha soksi mpaka na mimi nivishwe?

Basi nikasoma. Nikaandika kurasa kumi na moja juu ya elbow, kila kitu kilichokuwamo vitabuni, nikampelekea mwezi wa nne aniangalie. Alizirudisha Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ameandika mistari miwili tu kwa penseli. "Umenakili vizuri sana. Wewe uko wapi humu?" Na chini yake swali: kama ell ni mkono, kwa nini ell ya Waflemi ilikuwa fupi, ya Waskoti ndefu kuliko hiyo, na ya Waingereza ikapita mikono miwili? Watu hawa walikuwa na mikono ya aina gani? Nililia chooni, maji nimeyafungulia ili Salma asinisikie. Alinisikia. Alisukuma karatasi ya shashi chini ya mlango, akaenda zake kutazama katuni.

Sasa niseme habari za sare. Harusi ilikuwa Hounslow, mwezi wa sita mwanzoni, na ndugu wa kike wa bibi harusi, nusu yao wafanyakazi wa uwanja wa ndege, walitaka sare ya watu kumi na wawili. Bi Zuwena alikuwa mmoja wa hao kumi na wawili, kwa sababu mama wa bibi harusi alikuwa shoga yake wa tangu Wete. Tulikwenda wawili Edgware Road kutafuta kitambaa, katika duka la Mwarabu mmoja anayewauzia wageni wa Oman, na baada ya kunywa chai yake mara mbili na kumkatalia kila kitu, Bi Zuwena akaona jora moja la rangi ya zambarau lenye maua madogo ya fedha. Lilikuwa la mwisho. Mwarabu akaapa halipo jingine London nzima. Bi Zuwena akaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa kaunta, akaanza kupima, kitambaa kinapita mkononi mwake kama maji, midomo inahesabu. Mwarabu alikuwa na fimbo yake ya chuma ya yadi, akaishika tu, hakudiriki kuitoa. Mikono tisini na sita. Minane kwa kila mtu, watu kumi na wawili, hakibaki hata cha kufutia pua. "Riziki yao," akasema, tukarudi nalo kwenye basi, limekaa katikati yetu kama mgonjwa.

Jumanne moja ya mwezi wa tano alikwenda hospitali kupimwa macho. Akiwa mlangoni anavaa viatu akaniambia, "Hebu nipunguzie kazi. Kata mikono minane minane, hata vipande vitatu vinne, nikirudi nianze kushona." Akafunga mlango. Jamani, nilifurahi. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko, mistari miwili ya penseli ilikuwa bado inanichoma, na hapa nimekabidhiwa mkasi wake ambao hata Salma alikuwa hagusi. Nikaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza kama anavyofanya. Kiwiko, kiganja, ncha ya kidole cha kati, shika, rudisha. Nikajisikia niko pamoja na watu wote wa nyota. Vipande vinne vikatoka safi. Nikasema nitamshangaza, nikaendelea. Vitano, sita, nane, kumi. Kila kimoja nikakikunja nikakiweka kitini, nikaandika jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Cha mwisho kiwe cha Bi Zuwena, kwa sababu fundi hujikatia mwisho. Salma akarudi kutoka shule, mwalimu wa darasa lake amemleta na wenzake, akasimama na begi mgongoni akahesabu.

"That's eleven, Anti," akasema. "Where's Mummy's?"

Nikatazama jora. Lilikuwa ubao mtupu.

Nikahesabu upya. Nikafunua kila kipande nikapima tena, minane, minane, minane, kila kimoja sawasawa kwa mkono wangu. Nikaingia chini ya meza. Nikamtuhumu Salma, masikini, kwamba kachukua kucheza nacho. Bi Zuwena alipoingia, matone ya hospitali bado yamo machoni, alinikuta nimekaa sakafuni kati ya zambarau, uso umenishuka. Nikamwambia: vipande kumi na kimoja, na hakuna zaidi, na sijui kimekwenda wapi.

Hakupiga kelele. Alichukua kipande cha juu, akaegemeza kiwiko chake mezani, akapima taratibu mpaka mwisho. Kikazidi. Kikazidi shibiri moja na nusu.

"Umepima kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na nani kakwambia mkono wako ni mkono?"

Akanivuta, akaweka mkono wake juu ya wangu, kiwiko kwa kiwiko, tukaulaza mezani. Mimi ni mrefu, yeye alikuwa mwanamke mfupi wa kukaza. Vidole vyangu vilipita vyake kwa upana wa vidole viwili. Viwili tu. Lakini viwili kwa kila mkono, mikono minane kwa kila mtu, watu kumi na mmoja, na kipande chote cha kumi na mbili kilikuwa kimemalizikia humo, kimegawanywa kidogo kidogo kwa wenzake. "Wao walivyoniambia mikono minane," akasema, "hawakusema mkono wa mtu yeyote. Walisema mkono wangu. Nawashonea tangu hawajazaa." Kisha akakaa. Nilisubiri anifukuze. Nilikuwa na haki ya kufukuzwa. Akasema, "Maji yamemwagika, hayazoleki. Nipe mkasi." Akaanza kupunguza vipande, kimoja kimoja, na vile vya ziada akaviweka pembeni, kumi na kimoja, kila kimoja hakifiki hata mkono mmoja. Sare ya kwake ilikuwa imeshakuwa viraka.

Nikaanza kulia na kuomba radhi, na yeye akasimama, akaenda jikoni, akarudi na ufagio. Nikajua sasa napigwa. Akaulaza mpini mezani, akaegemeza kiwiko kwenye mwisho wake, akanyoosha kidole cha kati, akamwambia Salma alete rangi ya kucha. Akapaka alama pale kidole kilipoishia. Akatoa msumeno wa kukatia mifupa, akakata. Kijiti kikaanguka sakafuni. Akakiokota, akapuliza unga wa mbao, akanikabidhi.

"Huo mkono wangu," akasema. "Nikiwa sipo, pima kwa huo. Wako kaupimie maji ya wazungu."

Nimeeleza jambo hili darasani mara nyingi tangu siku hiyo, na bado damu inanikimbia. Nilisimama na kijiti mkononi na machozi usoni nikaanza kucheka. Kwa sababu nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeiona ell ikizaliwa, sebuleni Kilburn, kutoka kwenye ufagio. Mkono ulikuwa mkono wa mtu, mtu anayejulikana, ana jina na wateja. Siku alipolazimika kutokuwapo, mkono wake ukatoka mwilini ukawa mti. Na mti ukishatoka, mwenye duka Flanders ana wake, na mwenye duka Scotland ana wake, kila mmoja akiapa ndio mkono wenyewe, na mtu akitaka kuurefusha hana haja ya kuuliza mfupa wa mtu yeyote. Jina linabaki la mwili, kitu chenyewe kimeshakwenda sokoni. Watu wale hawakuwa na mikono ya ajabu. Walikuwa na mafundi waliokwenda hospitali. Nikamkumbatia Bi Zuwena, nikamwinua kutoka chini, na yeye akasema, "Huyu kashikwa," akimwambia Salma, "nenda kamletee maji."

Jumamosi ile ya Juni niliamka kabla ya alfajiri. Kurasa zangu kumi na moja niliziacha kitandani kwa makusudi. Bi Zuwena akasema hawezi kuniacha niende peke yangu kwa watu wenye nyota, akavaa buibui lake la kutokea na chini yake gauni lile la viraka, lililokuwa limemaliza harusi ya Hounslow likisifiwa kuliko sare zote. Vile vipande kumi na kimoja alivishona vikashuka kama miale kutoka kiunoni, na wenye sare kamili waliishia kumwuliza kashonewa na nani. Akaketi nyuma na Salma, wakatoa kashata.

Nilisimama. Kisha nikawaomba wenzangu wote, na Dokta Fairley, waje mmoja mmoja waipime meza ya mwalimu kwa viwiko vyao, na kila mmoja aandike hesabu yake ubaoni. Walicheka, wakaja, na mimi pia nikapima. Meza moja, watu kumi, na majibu yakatawanyika ubao mzima. Dokta Fairley na mikono yake ya mnazi alipata michache kuliko wote. Nikawauliza, nani mwongo? Hakuna. Nikatoa kijiti mkobani, nikawaambia ni mkono wa mwanamke yule aliyeketi nyuma anayekula kashata, tukapima tena wote kumi. Jibu likawa moja. Kisha nikawaeleza zambarau, na vidole viwili, na ufagio. Nikawaambia naamini kila ell ilianza na mtu mmoja na kiwiko chake, na hiyo ndiyo sababu neno la kiungo na neno la soko lilikuwa neno moja, na ndiyo sababu baadaye hayakulingana tena.

Dokta Fairley akauliza, "Na ell ya Waingereza? Kwa nini ipite mikono miwili?"

Kitabuni kulikuwa na majibu matatu na yote nilikuwa nimeyahifadhi. Ningeweza kuyatoa. Nikamtazama Bi Zuwena, naye akanitazama, hajui swali lenyewe limesema nini kwa sababu lilikuwa kwa Kiingereza cha haraka, lakini ananitazama. "Sijui," nikasema. "Nadhani waliokishika kijiti walikuwa hawamjui tena mwenye mkono. Lakini hilo litie nyota."

Dokta Fairley akachukua kijiti, akakigeuzageuza. Kisha akaomba akiazime mpaka Jumatatu, akawaonyeshe wenzake chuoni. Nikamtafsiria Bi Zuwena.

"Mwambie mkono wangu siazimishi," akasema. "Lakini alete hilo sweta nimtie viraka vya viwiko, mtu mzima huyo, ananitia aibu."

Nikamtafsiria yote, neno kwa neno. Dokta Fairley akawa mwekundu, akavua sweta palepale, akampa. Na mimi akaniambia nije Jumatatu kuchukua barua. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu Bi Zuwena akimwambia Salma ngazini, kwa sauti anayodhani siisikii, "Anti wako atatuhama sasa. Jora langu zima nimelikata kumpa chuo." Na alikuwa anacheka, na alikuwa na huzuni, vyote viwili. Nilihama Septemba, kijiti nikakiacha kando ya cherehani.

Basi ndiyo nikawa pale siku ya arubaini, wageni wameondoka, harufu ya biriani na ubani, Salma ananisaidia kukunja mikeka. Ana miaka ishirini na mitano sasa, anafanya kazi ya hesabu za kampuni, amekuwa mfupi wa kukaza. Kona ya sebule alikuwa amepanga mifuko mitatu myeusi ya takataka kwa ajili ya asubuhi. Na katika mfuko wa kati, ncha nyekundu imechomoza.

Nilikiokota. Ningeweza kukitia mkobani, hakuna ambaye angeuliza, nami nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo.

"What even is that, Anti?" Salma akauliza. "She kept it by the machine. I thought it was from a broken broom."

Hakukumbuka. Alikuwa na miaka saba, na rangi ya kucha aliileta yeye mwenyewe. Nikataka kumweleza, mimi ninayelipwa kwa maneno, nikayaacha. Nikamshika mkono, nikamlazia kiwiko kwenye ukingo wa meza ya cherehani, pale mbao ilipolika kwa miaka mingi ya kiwiko cha mama yake, nikakiweka kijiti juu ya mkono wake.

Kilianza kwenye mpindo. Kiliishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Hakikuzidi wala hakikupungua, hata unene wa ukucha.

Salma alitazama. Akanyoosha vidole zaidi, kama anayedhani amekosea, vikabaki palepale kwenye ile rangi nyekundu. Niliona uso wake unavyobadilika, na nikajua sitakiomba.

"Nini hiki, Anti?" akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili, polepole.

"Mkono wa mama yako," nikamwambia.

Akaushika.